Masikio Niliyoyaonea Wivu

Isiolo, Jumamosi alasiri

Akiru mwanangu,

Umetoka na jirani yetu Mama Halima kwenda kununua ndoo, sufuria na godoro la kubeba Merti kwenye kazi yako mpya, na mimi nimebaki hapa barazani na mbwa wako Inspekta miguuni pangu. Mkono unatetemeka, kwa hivyo usishangae mwandiko. Kuna watu wazima hapa mjini niliowachapa darasani kwa mwandiko bora kuliko huu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kufunga mlango. Hayo unayajua kunizidi, na tangu kifua changu kiharibike ni wewe umekuwa ukinikumbusha mimi. Naandika kwa sababu ya lile uliloniomba jana ukikunja nguo. Ulisema bila hata kuniangalia, "Apa, wacha nikuachie Inspekta. Merti sijui nitalala wapi. Wewe utamwangalia." Nikasema, "Mwache." Ukaendelea kukunja nguo, kama mtu aliyeuliza saa na kuambiwa. Umeniamini upesi sana, na imani hiyo imenikaa kifuani vibaya kuliko kikohozi.

Kabla hujamwacha mbwa huyu mikononi mwangu, kuna jambo la mbwa mwingine ambalo huna budi kulijua. Ulijue kwanza, ndipo uamue. Nitakupa karatasi hizi leo leo, si baada ya kuondoka kwako, maana kukupa ukiwa umeshafika Merti ingekuwa ujanja, na ujanja nimeufanya wa kutosha.

Jambo lenyewe ni la Lopus.

Mama yako ndiye aliyemleta kutoka kwa shangazi yako kule Rapsu, ndani ya kikapu cha nyanya. Alikuwa wa kijivu, ndiyo maana akampa jina ambalo babu zako walikuwa wakimpa ng'ombe wa rangi hiyo. Masikio yake yalikuwa makubwa kuliko uso, yamelala chini kama majani yaliyokosa maji. Mama yako alisema, "Huyu atasikia hata mawazo." Alikuwa anatania, lakini sentensi hiyo ilinirudia baadaye.

Mama yako alipofariki ulikuwa bado shule ya msingi. Hukulia mbele yangu. Watu wa kanisa walisema una moyo mgumu kama wa babu yako, na mimi nikakubali kwa kuwa ilinipunguzia kazi. Kisha jioni moja nilitoka kukuletea chai nikakusikia nyuma ya jikoni. Ulikuwa umechuchumaa, umeliinua sikio la Lopus kwa vidole viwili kama mtu anayefungua pazia, na ulikuwa unaongea ndani yake. Ulimwambia kwamba umeota mama anakusuka, na ulipoamka ukashika kichwa, nywele zilikuwa bado hazijasukwa.

Nilisimama na kikombe mpaka chai ikapoa.

Mimi ndiye niliyebaki na wewe. Mimi ndiye niliyekuwa nalala peke yangu kwenye kitanda kile. Kama kulikuwa na mtu hapa duniani aliyestahili kuambiwa ndoto ile, ni mimi, na badala yake akaambiwa mbwa. Asubuhi yake nilikuuliza, kwa sauti ya upole niliyoifanyia mazoezi, "Umelala vizuri? Hukuota chochote?" Ukasema, "Hapana, Apa." Ukamtupia Lopus ukoko wa ugali, naye akautafuna akinitazama.

Usicheke, au cheka ukitaka. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa biolojia, mzee wa kanisa, na nilimwonea mbwa wivu. Wala si mbwa mzima. Niliyaonea wivu masikio yake. Kila jioni nilikaa ndani nikijua kwamba pale nyuma ya ukuta kuna sikio linamiminiwa kila kitu nilichokitamani, na mwenye sikio hata hajali. Anangoja tu umalize mcheze.

Ulipoenda kidato cha kwanza nilifurahi. Nilikwambia nafurahia matokeo yako, na ilikuwa kweli, lakini nilifurahi zaidi kwamba wewe na Lopus mtaachana. Siku ya kuondoka ulinipa mkono kama mgeni, kisha ukapiga magoti kwenye vumbi na sare mpya ukamkumbatia yeye. Ukaniambia, "Apa, akitoka kwa maji umpanguse masikio. Hayo yake yanaficha maji." Ulikuwa mtoto, lakini ulishaona mwenyewe lile nililokuwa nikichora ubaoni: kwamba njia ya sikio la mbwa haiendi moja kwa moja ndani kama yetu. Inashuka kwanza, kisha inakata kona kuelekea kichwani. Kinachoingia hakitoki kwa urahisi. Na sikio likiwa limelala, hewa haipiti, joto na unyevu hukaa humo, na uchafu hupata makao.

Nilikujibu, "Nitampangusa." Sikumpangusa hata siku moja.

Muhula ule mvua ilinyesha vizuri. Mto ulijaa na Lopus alikuwa akishinda mtoni na mbuzi wa jirani, yeye majini. Haikuchukua muda nikaona anatingisha kichwa. Kisha akawa anajikuna kwa mguu wa nyuma huku akilia kidogo, kilio cha mtu anayekuna mahali panapouma na panapowasha kwa pamoja. Halafu akaanza kukibeba kichwa upande mmoja. Akipita karibu nilipata harufu kama ya uji uliochacha na kusahaulika kwenye kibuyu.

Mama Halima aliliona kutoka upande wake wa ua. Unajua jinsi asivyomgusa mbwa, lakini macho yake hayana udhu wa kutengua. Akaniita, "Mwalimu, hii mbwa yako imekuwa aje? Inatingisha kichwa kama msichana amekataa posa."

Nikamwambia, "Ni nzi tu."

"Nzi gani inakaa wiki? Kuna yule daktari wa mifugo pale Chechelesi. Nimwambie kijana wangu amlete na pikipiki?"

"Wacha, mama. Nitaangalia."

Sikuangalia. Ningeliinua sikio lile ningeona. Nilikuwa na macho mazuri wakati huo, na nilikuwa na elimu. Usije ukanitetea kwamba sikujua. Nilijua dalili moja baada ya nyingine, kama unavyojua vituo vya njia unayopita kila siku. Nilijua kwamba kutingisha kichwa ndiyo mwanzo, kwamba harufu ni kukuambia umechelewa, na kwamba kichwa kikiinama upande mmoja ugonjwa umeshapita kona ile. Lakini kila nilipoinuka kumshika, niliona vidole vyako viwili vikiliinua sikio lile lile, nikaketi tena.

Kisha ukapiga simu. Mwalimu wenu wa zamu alikuwa amewapa dakika chache kila mmoja. Nilikuwa nimeikalia simu tangu asubuhi. Ikalia, nikasema "Halo," na neno lako la kwanza likawa, "Apa, Lopus ako aje? Masikio yake?"

Hukuwa umeniuliza mimi niko aje. Nadhani ungeuliza baadaye. Hukupata nafasi, kwa maana nilikujibu upesi, "Lopus yuko sawa kabisa. Anakula kunizidi," nikakuuliza habari za masomo, na dakika zako zikaisha. Nikaiweka simu mezani. Yeye alikuwa pale pale mlangoni, kichwa upande, anatazama mahali sauti yako ilipotoka.

Siku zilizofuata sikio likavimba. Alikuwa amelitingisha na kulipiga mpaka mishipa ndani ya ngozi ikapasuka, na damu ikajaa humo, sikio likawa kama mandazi. Hapo nikaingiwa na hofu, si kwa ajili yake, kwa ajili ya likizo yako iliyokuwa karibu. Nilitaka apone upesi na kwa siri. Na kwa siri maana yake ilikuwa bila daktari, bila Mama Halima, bila mtu wa kukuambia.

Unajua sisi tunavyofanya na mbuzi. Kupe wakijaa masikioni tunampaka dawa ya kupe, tunamwachilia, anaenda zake. Nilikuwa na chupa ya dawa hiyo stoo. Ilikuwa ya kuchanganywa na maji mengi, na ya kupaka nje. Mimi sikuichanganya. Nilimbana kwa magoti, nikaliinua lile sikio zito, nikamimina ndani. Nilijiambia kwamba kama mbuzi anastahimili, mbwa ni nani. Hivyo ndivyo wivu unavyoongea, mama: unaazima maneno ya wafugaji, unaazima hata maneno ya sayansi, mtu asijue ni wenyewe.

Nadhani ngoma ya sikio ilikuwa imeshatoboka kwa usaha, dawa ikapita mpaka ndani kabisa, mahali panapomfanya kiumbe ajue ardhi iko wapi. Sauti aliyoitoa sitaiandika. Alisimama akaanguka. Akasimama tena akaanza kuzunguka, kuzunguka, kwa upande ule ule, macho yakimcheza kushoto kulia kama mtu anayesoma kitabu kwa kasi. Nilikaa naye chini mpaka akalala. Nikafanya na sikio la pili siku iliyofuata, kwa kipimo kidogo, kwa sababu kuacha ilikuwa kukiri. Hilo la pili ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Kichwa chake kilirudi karibu kunyooka. Uvimbe ukanywea, sikio likabaki limekunjamana kama karatasi iliyotolewa mfukoni. Lakini masikio yote mawili yalikuwa yamezimika.

Ulirudi likizo. Nilikuwa dirishani. Uliita kutoka barabarani kama ulivyozoea, "Lopus!" na yeye alikuwa amelala kivulini, mgongo kwako. Hakuinua kichwa. Ukaita tena, ukaingia, ukaweka sanduku chini. Alikuona tu ulipofika mbele yake, na akaanza kulia na kujikojolea kwa furaha. Ukanitazama. "Apa, nini mbaya na yeye?"

Nikasema, "Amezeeka." Hakuwa amezeeka, ulijua hesabu ya umri wake. "Na alipigana na nyani," nikaongeza, kwa ajili ya sikio.

Sasa nikuambie lililonishangaza, na labda ndilo fundisho pekee ninaloweza kusema ni langu. Nilikuwa nimedhani, pale chini kabisa ambapo mtu hajiangalii, kwamba masikio yale yakifungwa utayatafuta yangu. Jioni ile nikakaa jikoni makusudi. Nikachelewa kumaliza chakula. Ukatoka nje, ukachuchumaa, ukaliinua sikio lile lililokunjamana kwa vidole viwili, ukaongea ndani yake kama kwamba hakuna kilichobadilika. Uliongea muda mrefu kuliko zamani. Mimi nilikuwa na masikio mawili mazima, hatua chache kutoka kwako, na ukachagua kiziwi.

Nilikasirika nawe, hebu fikiri. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hukuwa ukitafuta mtu wa kusikia. Ulikuwa ukitafuta mtu asiyetaka kitu kwako. Mimi nilikuwa nataka, na watoto hunusa kutaka upesi kuliko mbwa wanavyonusa nyama.

Na sasa lile la barabarani. Unakumbuka kuliko mimi. Gari la miraa lilikuja kwa kasi yao ile, Lopus akiwa katikati ya lami, amelipa mgongo. Ulimbeba mpaka nyumbani, damu kwenye kanga ya mama yako, ukisema neno moja: "Niliacha geti wazi. Niliacha geti wazi." Nikakwambia, "Basi, basi, si kosa lako," kwa ile sauti ya watu wazima inayomaanisha kwamba ni kosa lako lakini tumekusamehe.

Geti halikumuua, Akiru. Geti letu lilikuwa wazi kila siku ya maisha ya mbwa yule. Kila siku alisikia magari yakiwa bado ng'ambo ya daraja, akajitoa kando, akayabwekea. Siku ile hakusikia. Mimi ndiye niliyemfanya asisikie, na nilikuacha uibebe lawama. Hata jana jioni ulirudi mara mbili kulishika komeo. Umefanya hivyo tangu utotoni, na kila ninapokuona ukirudi gizani kukishika chuma kile nageuza uso. Kesho ukitoka, liache geti wazi. Nakuomba. Tembea tu.

Ndiyo hayo. Nilijaribu kumwambia mchungaji badala yako, lakini yeye hakuwa na komeo la kurudia.

Sasa Inspekta. Ulimpa jina hilo kwa vile anavyomnusa kila mgeni kama mkaguzi wa shule, na yeye pia umemchagua mwenye masikio ya kulala. Wiki hii ulikuwa na pilikapilika za safari, hukuona. Mimi niliona juzi. Alikuwa anatingisha kichwa.

Nitakueleza kila kilichonipitia, hata kama utanichukia. Wazo la kwanza lilikuwa kunyamaza, kwa mazoea. La pili lilikuwa baya zaidi. Niliwaza nikuite, nikuze mambo, niseme sikio linaoza, ukose pikapu ya Mama Halima ya kesho, ukae nami wiki, mwezi. Maana siwezi kukuficha kwamba nimeionea wivu Merti yote. Nawaonea wivu ngamia wake. Nawaonea wivu wale akina mama watakaokuletea mwanambuzi anayekohoa, ukamwinamia na kumwambia maneno ya polepole uliyoyajifunza nyuma ya jikoni yangu. Ulisomea kazi ya mifugo kwa sababu ya mbwa niliyemharibu mimi, na sasa kazi hiyo inakuchukua. Hata kulalamika siwezi.

Wazo la tatu ndilo nililolifuata. Ulipotoka jana kuaga walimu wako wa zamani shuleni, nilimkalisha Inspekta kwenye mwanga. Nikaliinua sikio, mara ya kwanza katika maisha yangu kuliinua sikio la mbwa ili tu kuona. La kushoto lilikuwa la waridi, safi, halina harufu. La kulia lilikuwa jekundu, na lina uchafu wa kahawia mkavu kama mashapo ya kahawa. Nikabonyeza kidogo chini ya sikio. Akajivuta lakini hakulia. Sikuingiza kijiti. Sikuingiza pamba. Sikumimina chochote, hata maji, maana asiyeona ngoma ya sikio hajui anamimina wapi. Nikamwita Mama Halima kule ng'ambo ya ua.

"Yule kijana wako ana pikipiki bado?"

"Anayo. Wataka nini?"

"Daktari wa Chechelesi."

Yule mama akasema, "Mwalimu, hiyo pikipiki imekungoja miaka." Sijui amejua tangu lini. Hakuniuliza, na alipokuja alisimama mbali kidogo, buibui ameikusanya mkononi, akashikilia tochi.

Daktari aliangalia ndani kwa kifaa chake. Ngoma ni nzima. Alisema ni wadudu wadogo sana wa sikio, wanaambukiza, lakini wanakufa kwa dawa. Akaniachia chupa. Mkono wangu unatetemeka, kwa hivyo nimejifunza namna yangu: naipasha chupa joto kiganjani ili isimshtue, naliinua sikio, natia matone, kisha nakanda pale chini polepole mpaka nasikia sauti kama ya mtu anayekanyaga tope laini. Hapo namwachilia atingishe kichwa. Kinachotoka nje nakifuta. Kilichobaki ndani si changu. Leo asubuhi, ulipokuwa ukioga, alikuja mwenyewe akaniwekea kichwa gotini. Maadamu nimekuambia, unaweza kumkagua jioni na kusema kama nimekosea. Wewe ndiye mwenye cheti.

Kazi ilipoisha sikio lilikuwa bado liko kati ya vidole vyangu viwili. Nililiangalia lile pazia, na nikajikuta nimeinama. Nilimwambia ndoto niliyoota. Sitakuandikia ni ipi. Nimeona kwa nini ulikuwa unafanya hivyo.

Nimechoka, na nasikia gari. Labda ni nyinyi.

Uamuzi ni wako. Kamba ya Inspekta nimeitundika kwenye msumari wa mlangoni, upande wa nje. Mama Halima amesema yuko tayari kumbeba, bora akae nyuma na magunia na asiwe na maji mwilini. Kesho ukiichukua kamba, nitaelewa, na sitatoka kukuuliza. Dawa iko kwenye kopo la majani chai, umalizie siku zilizobaki hata kama ataonekana amepona.

Ukiiacha kamba pale msumarini, basi utakapopata mtandao unipigie. Anza na masikio ya mbwa, kabla hujaniuliza mimi niko aje. Nitaona wivu. Nimezeeka nao na nitazikwa nao. Lakini safari hii, mama, nitakuambia ukweli.

Baba yako